Upasuaji wa kurejesha uso Afrika Mashariki: tiba inayoshindana na wakati

Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka anaweza kushonwa mdomo huo kwa upasuaji wa muda wa saa moja hivi, na kadiri miezi inavyopita kovu lake hubaki mstari mwembamba chini ya pua. Hata hivyo, katika Uganda, Ethiopia, Rwanda na nchi zinazopakana nazo, wapo wanaofika hospitalini wakiwa watu wazima, wengine tayari ni wazazi, wakitafuta tiba waliyostahili kuipata kabla hawajaanza kutambaa. Wapo pia wasiofika kabisa, kwa kuwa walikufa kwa utapiamlo wangali wachanga, mikononi mwa mama aliyekuwa na maziwa ya kutosha.

Tofauti kati ya makundi hayo haitokani na ugumu wa tiba, kwani mbinu nyingi za kurekebisha uso na kichwa zimejulikana kwa miongo kadhaa, na baadhi kwa karne nyingi. Kinachoamua hatima ya mgonjwa mara nyingi ni wakati: siku aliyotambuliwa kuwa anahitaji msaada, umbali uliopo kati ya kijiji chake na chumba cha upasuaji, na idadi ya madaktari bingwa walioko nchini mwake.

Jina lisilohusiana na plastiki

Wengi wanaposikia upasuaji wa plastiki hudhani kwamba plastiki huingizwa mwilini. Jina hilo ni la zamani kuliko plastiki ya viwandani. Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya kufinyanga, kama mfinyanzi anavyoupa udongo umbo. Daktari Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe alilitumia mwaka 1818 katika kitabu chake kuhusu kuunda upya pua, na tangu hapo likazoeleka.

Fani hiyo ina matawi mawili. La kwanza ni upasuaji wa kurejesha, unaotengeneza kilichozaliwa na kasoro au kilichoharibiwa na moto, ajali, saratani, maambukizi au silaha. La pili ni upasuaji wa urembo, unaobadili sura isiyo na ugonjwa kwa matakwa ya mwenyewe. Mpaka kati ya matawi hayo si ukuta. Daktari anayeshona mdomo wa mtoto lazima aone kwa jicho la urembo, la sivyo atafunga tundu na kuacha uso uliopinda. Naye anayepunguza pua kwa ajili ya sura lazima ahakikishe kwamba mwenye pua bado anaweza kupumua.

Katika uso, sura na kazi haviachani. Mdomo hunyonya, hutafuna na kutamka. Kope hulinda jicho lisikauke na kupofuka. Pua hupasha joto hewa na kuisafisha. Kwa hiyo anayesema kwamba upasuaji huu ni anasa ya matajiri huwa ameutazama upande mmoja tu.

Ngozi inayohama pamoja na damu yake

Msingi wa fani nzima ni swali moja: kipande cha mwili kitaishije kinapopelekwa mahali pengine? Yapo majibu mawili makuu.

Jibu la kwanza ni kipandikizi. Tabaka jembamba la ngozi huchukuliwa pajani au nyuma ya sikio na kulazwa juu ya kidonda. Kipandikizi hakina damu yake. Huishi kwa unyevu wa kidonda kwa siku chache hadi mishipa midogo iote na kukifikia. Kikisogezwa, au usaha na damu vikikusanyika chini yake, hufa. Mbinu hii hufaa zaidi kwa majeraha ya moto.

Jibu la pili ni pande la ngozi linalohamishwa likiwa bado limeshikamana na mishipa yake ya damu. Wahindi wa kale walitengeneza pua kwa njia hii: walikata ngozi ya paji la uso kwa umbo la jani, wakaigeuza kuelekea chini na kuishona mahali pa pua, huku shina lake likiendelea kuleta damu. Habari ya upasuaji wa aina hiyo ilichapishwa katika jarida moja la London mwaka 1794, na miaka 20 baadaye daktari Joseph Carpue akaifanya mbinu hiyo Uingereza. Hadi leo pande la paji la uso ndilo linalotumika sana kuunda upya pua iliyopotea. Kwa kawaida shina lake hukatwa baada ya wiki tatu hivi, pande likishapata damu ya mahali pake papya.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyoigeuza mbinu hiyo kuwa fani kamili. Wanajeshi walirudi kutoka kwenye mahandaki wakiwa hai, lakini bila taya, pua au mashavu. Daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwakusanya katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1917 huko Sidcup, Uingereza, ambako majeruhi zaidi ya 5,000 walifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 11,000. Mwaka huohuo Gillies alianza kulishona pande la ngozi likawa kama bomba, ili lisipate maambukizi wakati likisubiri kuhamishwa.

Baadaye ilikuja darubini ya upasuaji. Kwa msaada wake, daktari hukata kabisa kipande cha ngozi, msuli au mfupa kutoka mkononi au mguuni, hukipeleka usoni, kisha huunganisha mishipa yenye upana wa milimita chache kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kazi hiyo huweza kuchukua saa nane au zaidi, na saa 48 za kwanza baada yake ni za kukesha, kwa sababu mshipa ukiziba kipande chote hufa. Ni katika hatua hii ambapo pengo kati ya hospitali za kanda na zile za nchi tajiri huonekana wazi: darubini huweza kununuliwa, lakini wauguzi wa kukesha na timu ya kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji usiku wa manane ni jambo la kujengwa kwa miaka.

Upo pia upasuaji wa fuvu. Mwaka 1967 daktari Mfaransa Paul Tessier aliwaonyesha wenzake mjini Rome kwamba mifupa ya uso na fuvu inaweza kukatwa na kupangwa upya, hata kwa kupitia upande wa ubongo. Kutokana na kazi hiyo, watoto ambao mishono ya mafuvu yao hufunga mapema mno, ubongo ukakosa nafasi ya kukua, sasa huweza kutibiwa. Hapa pia wakati ni jambo la msingi, kwani upasuaji huo hupendekezwa katika mwaka wa kwanza wa maisha.

Mdomo na kaakaa

Uso wa binadamu hujengwa tumboni kwa vipande vinavyokutana. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya ujauzito, na kaakaa kati ya wiki ya sita na ya tisa. Vipande hivyo visipokutana, mtoto huzaliwa na mdomo uliopasuka, kaakaa lililo wazi, au vyote viwili. Kwa makadirio yanayotumika sana duniani, hali hii humpata takriban mtoto 1 kati ya 700.

Sababu zake ni mchanganyiko wa urithi na mazingira: uvutaji wa sigara, baadhi ya dawa za kifafa, kisukari kisichodhibitiwa na upungufu wa asidi ya foliki vimehusishwa nayo. Laana, uchawi na ukosefu wa uaminifu wa mama havimo. Hata hivyo imani hizo zingali na nguvu katika maeneo mengi ya kanda, na madhara yake huonekana: mtoto hufichwa ndani, mama hulaumiwa na ukoo wa mume, na miezi ya thamani hupotea kabla ya mtu yeyote kuuliza hospitalini. Hata jina la mazoea, mdomo sungura, limeanza kuepukwa na wahudumu wengi wa afya kwa sababu humfananisha mtoto na mnyama.

Hatari ya kwanza ni njaa. Mtoto mwenye kaakaa lililo wazi hawezi kuvuta maziwa, kwani hewa hupita puani. Hunyonya kwa saa nzima, huchoka na kulala bila kushiba. Suluhisho ni jepesi iwapo mama ataelekezwa mapema: maziwa hukamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe kidogo au kijiko, mtoto akiwa ameketishwa wima na kucheulishwa mara kwa mara. Muuguzi wa zahanati anayejua jambo hilo huokoa maisha hata kama chumba cha upasuaji kiko umbali wa kilomita 300.

Kwa upande wa upasuaji wa mdomo, madaktari kwa muda mrefu wamefuata kanuni ya kumi tatu: mtoto awe na wiki 10, uzito wa pauni 10, yaani kilo 4.5 hivi, na damu yenye hemoglobini ya gramu 10 kwa desilita. Kanuni hiyo hueleza kwa nini lishe hutangulia kisu: mtoto asiyefikisha uzito huahirishwa, kwa sababu dawa ya usingizi huweza kumdhuru. Kaakaa hushonwa baadaye, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, kabla maneno hayajakomaa. Likishonwa mtoto akiwa na miaka 10, tundu litafungwa, lakini sauti inayotokea puani huwa imeshakuwa mazoea yasiyotoka kwa urahisi. Wengi huhitaji pia mtaalamu wa matamshi, matibabu ya masikio na, katika umri wa miaka minane hadi 11, mfupa kutoka nyongani wa kujaza pengo la ufizi.

Noma, ugonjwa wa umaskini

Nchini Ethiopia madaktari wa uso hukutana na ugonjwa mwingine ambao wengi hawajausikia. Noma huanza kama kidonda katika ufizi wa mtoto, mara nyingi kati ya miaka miwili na sita, ambaye amedhoofishwa na utapiamlo, surua au malaria. Ndani ya siku chache shavu huvimba, hugeuka jeusi na kuoza. Bila matibabu, ugonjwa huu huua hadi asilimia 90 ya wanaoupata. Wanaonusurika hubaki na tundu shavuni, meno wazi, pua iliyotoweka, au taya zilizogandamana zisizoweza kufunguka hata kwa upana wa kijiko.

Katika hatua za mwanzo noma hutibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria, usafi wa kinywa na chakula chenye lishe. Haiambukizi. Iliwahi kuwako Ulaya ikatoweka hali ya maisha ilipoboreka, kisha ikaonekana tena katika kambi za mateso za Wanazi, mahali ambapo njaa ilirudishwa kwa makusudi. Tarehe 15 Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiingiza rasmi katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, kufuatia ombi lililoongozwa na Nigeria.

Upasuaji wa noma haufanywi ugonjwa ukiwa mkali. Madaktari husubiri miezi kadhaa, kovu litulie na mwili upate nguvu. Kisha huja tatizo linalotangulia kisu: mgonjwa asiyeweza kufungua kinywa atalazwaje usingizi? Mtaalamu wa usingizi hulazimika kupitisha mpira wa hewa puani kwa kamera nyembamba, au kutoboa koo. Baada ya hapo taya huachiliwa, na tundu huzibwa kwa tabaka mbili: moja la kuwa ngozi ya ndani ya kinywa, jingine la kuwa shavu. Mazoezi ya kufungua taya hufuata kwa miezi mingi, na yakiachwa taya hufunga tena.

Moto, barabara na silaha

Majeraha ya moto ndiyo chanzo kingine kikubwa. WHO inakadiria kwamba moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika Afrika Mashariki sufuria ya uji au maji ya moto iliyo chini sakafuni, jiko la mkaa na taa ya mafuta huwaunguza watoto wadogo, na watu wenye kifafa kisichotibiwa huangukia motoni. Ngozi ya shingo iliyoungua na kuachwa ipone yenyewe hujikunja, ikavuta kidevu hadi kifuani. Kope zilizoungua hugeuka nje, na jicho hukauka. Kipandikizi kinachowekwa katika wiki za kwanza huweza kuzuia hali hizo. Kuzirekebisha baada ya miaka huhitaji upasuaji wa mara nyingi.

Bodaboda nazo zimeongeza idadi ya waliovunjika taya na mifupa ya mashavu, hasa wasiovaa kofia ngumu inayofunika kidevu. Mifupa hiyo huunganishwa kwa vibati vidogo vya titani, na kazi huwa nyepesi ikifanywa ndani ya wiki mbili, kabla mifupa haijaunga vibaya.

Kaskazini mwa Uganda kipo kisa cha aina yake. Waasi wa kundi la Lord's Resistance Army, lililoongozwa na Joseph Kony, waliwakata raia midomo, pua na masikio ili kuwatisha wengine. Baadhi ya manusura walifanyiwa upasuaji wa kuundiwa viungo hivyo upya. Kwao upasuaji ulikuwa na maana ya ziada, kwa sababu uso uliokatwa ulikusudiwa kuwa tangazo la hofu popote mwenyewe aendapo.

Kutoka ndege ya Nairobi hadi vyuo vya kanda

Ni watu wachache wanaojua kwamba mojawapo ya mashirika makubwa ya afya barani Afrika lilianzishwa na madaktari wa fani hii. Archibald McIndoe, binamu yake Gillies, alijulikana katika Vita Kuu ya Pili kwa kuwatibu marubani walioungua, katika hospitali ya East Grinstead nchini Uingereza. Alikuwa pia na shamba karibu na Mlima Kilimanjaro. Yeye, mwanafunzi wake Michael Wood aliyekuwa akiishi Kenya, na Mmarekani Tom Rees, wote wapasuaji wa plastiki, waliona jinsi wagonjwa wa vijijini walivyokuwa mbali na hospitali, na mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya madaktari wa ndege yenye makao Nairobi. Huduma hiyo ndiyo iliyokua na kuwa Amref.

Ndege ilifupisha umbali, lakini haikumaliza tatizo. Daktari mgeni hushona mdomo na kuondoka. Kovu likifumuka wiki ijayo, au kaakaa likihitaji kushonwa mwakani, hayupo. Kwa sababu hiyo mkazo umehamia kwenye kufundisha. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, hutahini na kuidhinisha mabingwa wa upasuaji wa plastiki wanaojifunza katika hospitali za nchi zao. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha fani hiyo. Ethiopia hutegemea kwa kiasi kikubwa Hospitali ya Yekatit 12 mjini Addis Ababa, inayojulikana kwa kutibu majeraha ya moto. Chuo Kikuu cha Rwanda kimeanzisha mafunzo yake kwa ushirikiano na shirika la Operation Smile. Nchini Uganda, hospitali ya CoRSU iliyofunguliwa mwaka 2009 huko Kisubi, kati ya Kampala na Entebbe, huunganisha upasuaji wa plastiki, mifupa na ukarabati wa viungo mahali pamoja.

Mashirika ya hisani, miongoni mwao Smile Train, hugharimia upasuaji wa midomo na kaakaa katika hospitali nyingi za kanda, hivyo familia mara nyingi haidaiwi malipo ya upasuaji wenyewe. Nauli, siku za kuacha shamba na chakula cha mwangalizi ndivyo vinavyobaki kuwa kikwazo.

Tahadhari katika urembo

Upande wa urembo unakua katika miji mikubwa ya kanda, na pamoja nao hatari. Ngozi nyeusi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuota makovu yanayovimba na kuenea kupita jeraha. Mtu aliyewahi kupata kovu la aina hiyo, hata kwa kutoga sikio, anapaswa kumweleza daktari kabla ya kukatwa. Krimu kali za kung'arisha ngozi huifanya iwe nyembamba na kuchelewesha kupona kwa mishono. Sindano za kujaza mashavu au pua, zikiingia katika mshipa wa damu, zinaweza kusababisha ngozi kufa au jicho kupofuka ndani ya muda mfupi. Mteja ana haki ya kuuliza iwapo daktari amesajiliwa na baraza la madaktari la nchi husika kuwa bingwa wa fani hiyo, nani atamlaza usingizi, na kituo kina vifaa gani iwapo ataacha kupumua.

Hatua za mapema

Kwa familia, hatua chache hubadili matokeo. Mtoto mchanga achunguzwe ndani ya kinywa siku anayozaliwa, kwa sababu kaakaa lililo wazi huweza kuwapo hata kama mdomo ni mzima. Aliyeungua amwagiliwe maji safi ya bomba yasiyo ya barafu kwa dakika 20, bila kupakwa dawa ya meno, majivu wala mafuta. Kidonda cha ufizi kinachonuka kwa mtoto aliyedhoofu kipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kwa mtu mzima aliyechelewa, umri si sababu ya kukataliwa: mdomo hushonwa hata katika miaka 60. Kinachopungua kwa kuchelewa ni kiasi cha kile ambacho upasuaji unaweza kurudisha.